Muulizaji na Msemaji

Kazi ya kuuliza na kazi ya kujibu ni kazi mbili. Mtu mmoja aweza kuzijua zote mbili, kama mtu mmoja awezavyo kujua kushona nguo na kufua chuma, lakini hawezi kuzifanya zote mbili kwa wakati mmoja, juu ya jambo moja, kwa ujira wa bwana mmoja. Hakimu hawi wakili katika kesi anayoihukumu. Neno hili ni wazi, na pengine msomaji atastaajabu kwa nini nimeliweka mlangoni mwa insha. Nimeliweka hapo kwa sababu vyuo vyetu vikuu, nami ni mtumishi wa kimoja katika hivyo, vimelisahau. Vimezifunga kazi hizi mbili katika furushi moja, vikaliita furushi hilo Uandishi wa Habari na Mawasiliano kwa Umma, vikalipiga muhuri wa shahada, na kumtwika kijana bila ya kumwambia kwamba ndani yake mna njia mbili zinazoachana, na kwamba moja katika hizo haina chakula.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi kutoka wilaya ya Mkinga, kaskazini ya Tanga. Nilimfundisha utungaji. Hakuwa hodari wa mitihani kupita wenzake, lakini alikuwa na sifa moja ambayo mwalimu hawezi kuipanda katika mtu asiyezaliwa nayo: alipoambiwa jambo, aliuliza nani kalisema na kalijuaje. Alipopata shahada alirudi nyumbani akawa mwandishi wa mkoani wa gazeti moja, ambalo jina lake si muhimu hapa. Hakupewa mkataba. Alilipwa kwa habari, na kwa habari iliyochapwa tu. Wakati huo milio ya baruti ilikuwa bado ikisikika baharini, na kijana alifunga safari mpaka Moa. Alikaa na wavuvi siku tatu. Alitaka kujua mambo mawili: baruti inatoka ghala la nani, na samaki waliouawa kwa baruti wananunuliwa na nani. Alirudi na nusu ya majibu, akaandika kwa uangalifu, akapeleka. Gazeti lilichapa aya tano, na katika aya hizo tano zile nusu mbili za majibu hazikuwamo. Malipo aliyopata hayakutosha nauli ya kwenda na kurudi.

Miaka miwili baadaye alinitembelea. Alikuwa amevaa vizuri, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu anayejua atakula nini mwisho wa mwezi. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Sasa ni afisa uhusiano." Nilimwitikia marahaba, na nilimpongeza kwa moyo safi. Kisha nilimwuliza, nani sasa anakwenda Moa? Alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye huandika taarifa za kampuni yake na kuwapelekea waandishi wa mkoani, nao huzichapa kama zilivyo, kwa sababu hawana nauli ya kwenda kuzihakiki. Hakusema hivyo kwa majivuno. Alisema kama mtu aelezaye hali ya njia kwa msafiri mwenzake.

Simlaumu kijana huyu. Mkono mtupu haulambwi. Ana mama, ana wadogo zake, na ana deni la Bodi ya Mikopo ambalo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa mtu mara apatapo mshahara. Ninaloshitaki ni mpango uliofanya kila daraja ya juu ya kazi hii iwe hatua moja mbali na swali. Tazama ngazi yenyewe ilivyo katika mji kama Tanga. Chini kabisa kuna kujitolea katika redio bila malipo. Juu yake kuna uandishi wa mkoani, wa malipo kwa habari, pamoja na bahasha ambayo mwenye mkutano humtilia mwandishi mfukoni na kuiita nauli. Juu ya hapo ngazi ya waulizaji inakaribia kwisha, na ngazi nyingine inaanza: ofisa habari wa halmashauri, ofisa mawasiliano wa shirika lisilo la serikali, ofisa uhusiano wa kiwanda, wa benki, wa bandari, wa mradi. Mishahara iko huko, bima iko huko, pensheni iko huko. Basi mwanafunzi mwenye akili atakwenda huko, na mwenye akili zaidi atakwenda mapema zaidi.

Sisemi kazi ya msemaji ni haramu. Tanga leo ni mahali pa mambo makubwa. Bandari yake imechimbwa kina na kupanuliwa. Chongoleani, karibu na mji, ndipo mwisho wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima katika Uganda, bomba la kilomita 1,443, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2017. Mradi wa kiasi hiki una haki ya kuwa na wasemaji. Lakini mwananchi ambaye shamba lake limepitiwa ana haki ya kuwa na waulizaji, na haki ya pili si ndogo kuliko ya kwanza. Msemaji analipwa na anayemsemea. Muulizaji analipwa na nani? Swali hili ndilo chuo hakimfundishi mwanafunzi, nalo ndilo litakaloyatawala maisha yake.

Watu wa maoni tofauti na yangu wana majibu matatu, na ni haki yao nijibu kila moja.

Wa kwanza husema kwamba soko limejaa: wahitimu ni wengi, vyombo vya habari ni vichache, na huo ndio mwisho wa maneno. Mimi nasema kilichojaa ni vyeti. Chukua pwani kutoka Jasini, mpakani mwa Kenya, mpaka Pangani, na kusini zaidi mpaka Saadani. Ni nani ambaye kazi yake ya kila siku, kwa mshahara, ni kujua bei anayolipwa mwanamke mkulima wa mwani, na bei ambayo mwani huo huuzwa tena? Ni nani aliyewekwa kuhudhuria vikao vya halmashauri mwaka mzima, si siku ya mgeni rasmi tu? Ni nani anayekaa soko la samaki la Deep Sea alfajiri akaandika nini kimeingia na nini kimekosekana? Maswali yasiyo na mwulizaji ni mengi kuliko wahitimu. Ikiwa mahali pana wagonjwa wengi na waganga wasio na kazi, mtu mwenye busara hasemi kwamba uganga umejaa. Husema kwamba hakuna aliyetaka kulipa hospitali.

Wa pili husema kwamba ujuzi ni ule ule. Anayejua kuandika habari ya gazeti anajua kuandika taarifa ya kampuni, na kwa hiyo furushi moja lafaa. Hoja hii ni ya zamani. Ivy Lee alikuwa mwandishi wa magazeti katika New York kabla ya kugeuka kuwa msemaji wa wenye reli na wenye makaa ya mawe, na mwaka 1914 akawa msemaji wa jamaa ya Rockefeller. Kalamu yake ilikuwa ile ile. Lililobadilika ni yule aliyekuwa na haki ya kumwambia asiandike. Kinyume chake, Joseph Pulitzer, mwenye magazeti na tajiri wa magazeti, alipotoa fedha ili chuo cha uandishi kianzishwe katika Columbia, chuo kilichofunguliwa mwaka 1912, alitaka upande wa biashara wa gazeti usifundishwe humo. Mfanyabiashara huyu alijua biashara inavyonuka, na hakutaka harufu hiyo iingie darasani. Sisi, ambao hatuna magazeti yake wala fedha zake, tumefungua mlango wazi. Mwanafunzi wetu hujifunza Jumatatu jinsi ya kuifichua siri ya taasisi, na Jumanne jinsi ya kuilinda. Kisha twamwambia achague, na twajifanya hatujui atachagua nini.

Wa tatu husema kijana ajiajiri. Afungue chombo chake katika intaneti, awe mwandishi, mhariri na mwenye mali. Maneno haya hupendeza mdomoni. Lakini kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, na kupunguzwa kwake ni ushahidi kwamba zilikuwa nzito. Hata hivyo, ada ndiyo sehemu nyepesi ya hoja. Mwenye chombo chake peke yake anaishi kwa matangazo na kwa wingi wa watazamaji, na wote wawili ni mabwana wapendao kufurahishwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana atakwenda Moa siku tatu kufuata habari ya baruti, au atakaa mjini na kutangaza ugomvi wa waimbaji? Atakayekwenda Moa yupo, na ninamheshimu, lakini nchi haiendeshwi kwa kutegemea mashujaa.

Na tutazame historia, kwa maana Tanga ni mahali pabaya pa kusahau historia ya jambo hili. Magazeti ya Kiswahili hayakuanza katika mji mkuu yakaja kwetu kama hisani. Katika miaka ya 1890, Magila, karibu na Muheza, misheni ya Kiingereza ilikuwa ikichapa Habari za Mwezi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mpaka 1916, shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga ilitoa Kiongozi. Mambo Leo lilifuata Dar es Salaam mwaka 1923, chini ya idara ya elimu ya Waingereza, na ndani yake zilitokea tungo za karani wa forodha mzaliwa wa Vibambani, Tanga, ambaye dunia humjua kwa jina la Shaaban Robert.

Najua nitakayojibiwa: magazeti hayo yalikuwa ya misheni na ya serikali, yaani ya wasemaji. Ni kweli, na sitaki kuipamba kweli. Mtu mweusi aliyetaka gazeti lililokuwa lake alingoja mpaka 1937, Erica Fiah alipoanzisha Kwetu. Na swali kwa watawala lilikuwa na bei: mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alihukumiwa kulipa faini kwa maneno yaliyotokea katika Sauti ya TANU. Lakini historia hiyo inatufundisha neno ambalo vyuo vinalikwepa. Waandishi wale walikula kwa kazi nyingine. Fiah alikuwa na duka. Shaaban Robert alikuwa na meza ya ukarani karibu maisha yake yote ya kazi. Nyerere alikuwa amekwisha kuwa mwalimu. Hakuna aliyewaambia kwamba uandishi wa habari ni njia ya riziki, kwa hiyo hakuna aliyewadanganya. Mhitimu wa leo ameambiwa. Amelipa ada, amekopa, amekaa darasani miaka mitatu kwa ahadi ile. Mtu akiuza chombo akasema ni cha kwenda Pemba, na chombo hakifiki hata Ulenge, watu wa pwani wana jina la muuzaji huyo.

Tena sheria imeongeza uzito upande mmoja wa mizani. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeagiza mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake za 2017 zimemtaka awe na stashahada au shahada ya uandishi au ya fani inayohusiana nayo. Mimi ni mwalimu. Siwezi kuikataa elimu. Lakini twende mpaka mwisho wa jambo. Sheria hiyo hiyo imemwagiza mwenye chombo cha habari awape waajiriwa wake bima na hifadhi ya jamii, na hili ni jema. Ila mwandishi wa mkoani, kwa kawaida, si mwajiriwa. Analipwa kwa habari. Basi wavu wa wajibu unamnasa yeye, kwa kuwa anaandika; na wavu wa haki unampita, kwa kuwa hakuajiriwa. Anadaiwa karatasi ya ustadi kama daktari, naye analipwa kama mchukuzi wa gatini, tena mchukuzi hulipwa siku ile ile.

Nimebakiza shitaka moja, nalo ni la taaluma yangu mwenyewe. Redio za pwani hii husema Kiswahili. Magazeti yanayosomwa katika vibanda vya kahawa vya Ngamiani ni ya Kiswahili. Mvuvi, mkulima wa mkonge, diwani na mjane wote huulizwa kwa Kiswahili na hujibu kwa Kiswahili. Lakini mwandishi atakayewauliza amefundishwa kuuliza kwa Kiingereza, amefanya mtihani kwa Kiingereza, na tasnifu yake iko rafuni kwa Kiingereza. Kila tarehe 7 Julai twaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, na kesho yake twarudi darasani kuwafundisha watumishi wa Kiswahili kwa lugha nyingine. Haiwezi kusemwa kwamba haiwezekani, kwa sababu Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1970, na kwa zaidi ya nusu karne chuo hicho kimefundisha taaluma ya juu kwa Kiswahili.

Matokeo yake si ya lugha tu. Kiingereza kinalipwa wapi? Kinalipwa katika ripoti ya mfadhili na katika ofisi ya kampuni, yaani upande wa msemaji. Kwa hiyo lugha ya darasa yenyewe inamsukuma mwanafunzi kuvuka. Na asiyevuka anabaki na Kiswahili alichookota katika taarifa za wasemaji. Sikiliza habari za jioni. Mvuvi aliyekosa samaki anakabiliwa na changamoto. Kijiji kisicho na maji kina changamoto. Fedha zikiibwa, kumetokea changamoto. Neno ambalo zamani lilibeba uchangamfu na ari limegeuzwa kawa ya kufunikia njaa, kiu na wizi, na kawa ni moja kwa vyakula vyote. Mwandishi ajuaye bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, ataweza kumwuliza mvuvi kwa nini hakwenda baharini wiki ile, na atajua akidanganywa. Asiyejua maneno hayo ataandika alichoambiwa, na alichoambiwa ni changamoto.

Nini kifanyike? Sina dawa ya kila ugonjwa, lakini mambo manne yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, vyuo vitenganishe shahada hizi mbili kwa jina, kwa walimu na kwa mitihani, ili mwanafunzi ajue tangu siku ya kwanza anajifunza kuuliza au kusemea. Pili, shahada ya waulizaji ifundishwe kwa Kiswahili. Kiingereza kibaki somo, tena somo zito, kwa kuwa mikataba na hesabu za makampuni zimeandikwa kwa lugha hiyo, na muulizaji lazima azisome. Tatu, mazoezi ya kazi yasiwe katika ofisi za mawasiliano za Dar es Salaam. Yawe wilayani, katika redio kama Pangani FM ambayo imo katikati ya watu inaowatangazia, na chuo kimlipie mwanafunzi nauli na posho, kwa maana chuo ndicho kilichochukua ada. Nne, mwandishi wa mkoani anayeandikia chombo kimoja mwezi hata mwezi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa chombo hicho, apate bima na hifadhi ambazo sheria imekwisha kuziandika.

Jambo la nne litapigiwa kelele na wenye magazeti, nao watasema hawana fedha. Huenda ni kweli kwa baadhi yao. Basi na waseme hivyo hadharani, ili wazazi wasikie kabla ya kuuza shamba kulipa ada. Kile ambacho hakistahimiliki ni chombo kusema hakina fedha za mwandishi wa Tanga, huku kila siku kikijaza nafasi yake kwa habari za mwandishi huyo huyo.

Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanafunzi wangu alikwenda tezi, akaenda omo, na alipochoka alikaa pakavu. Ni haki yake. Lakini ngamani maji yanaingia, na anayepaswa kuyaona na kupiga kelele ameajiriwa mahali pengine, kwa kazi ya kuwaambia abiria kwamba safari ni njema. Muhula ujao nitasimama tena mbele ya vijana wapya. Nimekusudia kuwaambia siku ya kwanza, kabla ya somo lolote, yale niliyoyaandika hapa, pamoja na hesabu ya nauli ya Moa. Watakaoondoka darasani na waondoke wakijua. Na watakaobaki nina wajibu kwao ambao sijautimiza bado, wala chuo changu hakijautimiza.